Mwanangu alimletea nyanya yake ndoo ya maji

Shangazi, salaam aleikum.

Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale. Miaka minne iliyopita mimi na mume wangu tulihamia kwenye nyumba za ghorofa huku Bamburi, na mwaka jana babangu alipofariki nikamleta mamangu akae nasi. Ana miaka 74. Nina watoto watatu, na mkubwa ni msichana wa miaka 11.

Nyumba yetu ni kama nyumba za wenzetu. Watoto wakitoka shule na madrasa hutazama katuni. Baada ya Isha sote hukaa sebuleni kwa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na mamangu mwenyewe ndiye mpenzi wao mkubwa. Tukichelewa kuwasha runinga hutukumbusha. Mkubwa wangu ana simu niliyomwachia nilipopata mpya. Huko ana TikTok na vitu vyake vingine ambavyo kusema kweli sivifuatilii sana.

Jumapili moja, wiki tatu zilizopita, mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Akamwita mkubwa: "Ndoo hapa mwanangu, ndoo unishikie sinia." Mtoto akaenda msalani, akarudi na ndoo nyekundu ina maji nusu, mkono wa pili ameshika simu anarekodi. "Nyanya, si umesema ndoo? Hii hapa." Mama hakufahamu mara moja. Akasema, "La, nimekwambia ndoo." Mtoto akaigeuza simu akajirekodi mwenyewe anavyocheka.

Akaituma kwenye grupu la ukoo, na humo tuko watu zaidi ya 40. Watu wakacheka. Kakangu aliye Nairobi akaandika, "Mama na Kiswahili chake cha zamani." Mimi nami, Shangazi, niliweka emoji ya kucheka. Nilikuwa kazini, niliiona haraka haraka. Baadaye binamu mmoja akaichukua akaitia muziki na kuiweka TikTok. Mama hakujua mpaka alipokwenda hitimani Kibokoni, msichana mdogo akamwuliza mbele ya watu kama yeye ndiye nyanya wa ndoo.

Tangu siku hiyo mama hasemi sana. Hakunigombeza, hakumgombeza mtoto. Juzi nikiwa jikoni nilimsikia akimwita yule wangu mdogo. Alisema, "Njoo." Alilitamka polepole, kama mtu aliyefika mjini jana. Nilifungua bomba la maji ili asinisikie ninalia.

Mume wangu anataka simu ichukuliwe na king'amuzi kikatwe, asema hizi picha ndizo zinazotuharibia watoto. Mtoto anasema hakukosa kitu: shuleni wamefunzwa ndoo ni ya maji, kwenye runinga kila mtu husema njoo, nyanya peke yake ndiye anayekosea. Kakangu asema nisijisumbue, lugha hubadilika. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Bamburi

*

Mwanangu, wa aleikum salaam.

Barua yako niliisoma kimya, kisha nikaisoma tena kwa sauti. Nilipofika kwenye lile "Njoo" la mwisho nikaiweka chini. Mtu wa miaka 74 anajifunza upya neno la kumwitia mjukuu wake, ndani ya nyumba ya binti yake wa kumzaa. Nimekuwa nikijibu barua za talaka na za mirathi, lakini hii yako imekaa nami siku tatu.

Nitafika kwenye simu na king'amuzi. Kwanza nataka ujue mwanao alisikia nini, maana nadhani nyumba nzima mmekosea hapo.

Mamako hakusema ndoo ya maji. Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, kina nd mbili. Ukisema ndoo ya maji, ncha ya ulimi hugusa ufizi, nyuma ya meno. Ukisema ndoo ya kumwita mtu, yaani njoo, ulimi huja mbele ukagusa meno yenyewe. Ndiyo nd ya ndaa (njaa), ya ndia (njia), ya nde (nje). Vivyo hivyo kwa t: mato (macho), kitwa (kichwa), tini (chini), mtele (mchele), ulimi huwa kwenye meno. Kwa masikio ya mamako hayo ni maneno mawili yasiyofanana, ndiyo maana alipoletewa ndoo hakufahamu akarudia, "La, nimekwambia ndoo." Alikuwa akimsahihisha mtoto. Na katika nyumba yako hapakuwa na mtu wa pili aliyesikia kwamba amesahihishwa.

Mwanao hawezi kuisikia tofauti hiyo, na si kwa ukaidi. Sikio la mtoto hufanya hesabu. Hebu ihesabu siku yake. Asubuhi mwalimu na Kiswahili cha kitabu. Kwenye matatu redio ya dereva. Alasiri katuni. Usiku tamthilia za Kituruki, na nyingi za hizo zimetiwa sauti na Watanzania, kwa Kiswahili cha Dar. Kati ya hayo yote kuna simu, ambayo haina saa. Kila anayeitwa katika dunia yake huitwa kwa njoo: askari, binti mfalme, paka wa katuni. Ndoo ya kuitia hutoka kinywani mwa mtu mmoja, mzee, anayekaa chumba cha nyuma. Mtoto akahesabu akapata jibu. Wote husema hivi, mmoja husema vile, basi mmoja ndiye mwenye makosa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mumeo. Anadhani picha zimeingia moyoni mwa mtoto zikamwondolea adabu. Mimi sioni hivyo. Rwanda, mwaka 2004, ulianza mchezo wa redio uliotungwa makusudi kusaidia watu kupatana baada ya mauaji ya 1994. Mtafiti mmoja wa Kimarekani, Elizabeth Paluck, alifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vilivyousikiliza, akavilinganisha na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Matokeo aliyoyachapisha 2009 nimeyakumbuka kwa ajili yako: imani za watu za ndani hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha yao ya yale ambayo watu wengine huyafanya na kuyakubali, na wakaanza kuenenda kwa picha hiyo. Kule ilikuwa kwa kheri. Lakini mlango ni uleule. Runinga haikumfunza mwanao kumdharau nyanya yake. Ilimwambia "watu" husemaje, na nyanya yake hakuwamo katika hao watu.

Wala hesabu hii haikuanza na TikTok. Ilianza hapa hapa Mombasa. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki walikutana katika mji wetu kuamua ni Kiswahili kipi kitakuwa cha shule na vitabu. Wamishonari waliokaa Mombasa walikuwa wakikipigania Kimvita tangu siku za Krapf, aliyefika mwaka 1844. Kikachaguliwa Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, na kila kitabu cha shule kikapitia mikononi mwake. Mji uliotoa mashairi ya Muyaka bin Haji ukaambiwa, kikao kikiwa ndani ya mji wenyewe, kwamba jinsi unavyosema si sanifu. Sisemi waliamua vibaya. Watu wa nchi tatu nne walihitaji kuandikiana. Lakini neno "sanifu" liligeuka haraka likawa "sahihi", na cha mamako kikawa kosa.

Mimi mwenyewe nimelipia. Nilikuwa darasa la pili, miaka ya mwanzo ya 70, nikaandika "mato yake mazuri" kwenye insha juu ya paka wetu. Mwalimu alilizungushia mato wino mwekundu, akaniita mbele nilisome, darasa likacheka. Nyumbani sikusema kitu. Lakini nilianza kumsikiliza babangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba baba ana sauti mbili. Alikuwa na redio kubwa ya mbao, jioni akisikiliza idhaa ya Kiswahili ya BBC, ile iliyoanza mwaka 1957. Akija mgeni wa serikali baba alisema kama mtangazaji wa London, macho na kichwa na chini. Mgeni akiondoka tu, utamsikia: "Funga mlango huo, wangia baridi kitwani." Nilidhani anaigiza. Sasa najua alikuwa akituonyesha jambo ambalo mwanao hajaonyeshwa: kwamba mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kile cha nyumbani si cha kuficha mbele ya watoto.

Usinielewe kwamba zamani tulikuwa safi hatuguswi na vya nje. Mwaka uleule wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sahani zake zikachezwa pwani nzima. Baadaye zikaja filamu za Kihindi, na kuna mabibi wa mji huu waliozijua nyimbo zake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujua maana ya neno. Mombasa ilifanya nini? Ilizichukua zile tuni ikazitia maneno yake. Juma Bhalo alizipigia tuni za Kihindi mashairi ya Kiswahili chetu, na watu wakayashika kwa moyo. Kilichoingia kilikuta vinywa vimejaa. Mtu aliyetoka sinema alirudi kwenye uchochoro wenye watu hamsini waliosema kama mamake.

Wewe uliondoka kwenye uchochoro huo. Sikulaumu, nyumba za Mji wa Kale ni finyu na kodi ni kodi. Ila usimtwike king'amuzi mzigo wote. Kibokoni mamako alipoita "ndoo" walikuja watoto wa nyumba kumi, na kila mmoja wao aliitwa hivyo hivyo na mamake. Bamburi anakuja mmoja, na simu mkononi.

Sasa nina neno gumu, nawe umeniita shangazi kwa hiyo litakuja. Katika barua yako yote nimetafuta neno moja la mamako ulilolitumia wewe kama lako. Sikuliona. Yapo mle kwenye nukuu tu. Kaulize moyo wako: watoto wako huwaitaje? Nina hakika husema njoo. Pengine ulianza kazini, au ulipoolewa, au kwa kutaka wafanye vizuri mtihani. Mtoto alipohesabu wale wanaosema njoo, mamake alikuwa wa kwanza katika orodha. Na ile emoji, mwanangu. Mtoto wa miaka 11 anaweka video kwenye grupu akisubiri wakubwa wamwambie alilofanya ni nini. Zaidi ya watu 40 wazima mkamwambia ni kichekesho. Mamako alipofahamu, hakuumizwa na mtoto pekee.

Kwa hiyo anza wewe. Usimtume mtoto. Mkiwa wawili, ikiwezekana akiwa na shughuli mkononi ili asilazimike kukutazama, mwambie, "Mama, niwie radhi, nami nilicheka." Usieleze kwamba ulikuwa kazini. Kisha uende kwenye lile grupu, palepale mlipomcheka, utume ujumbe wa sauti, si maandishi. Sema kwa Kimvita chako, hata kama kimeingia kutu, kwamba mama alisema sawa, na ueleze zile nd mbili. Wengi wao hawazijui tena, na naapa kuna wawili watatu watakaojaribu peke yao mbele ya kioo. Kakako mpigie simu. Neno "cha zamani" alilolisema yeye linauma kuliko kicheko, maana linamwambia mama kwamba yeye mwenyewe amekwisha. Lugha hubadilika, ndiyo, lakini hubadilishwa na watu, na yeye ni mmoja wao. Binamu aiondoe ile video TikTok leo, na awaombe walioisambaza nao waiondoe. Haitatoka kila mahali, lakini mama ajue kwamba kuna mtu aliyehangaika.

Simu. TikTok yenyewe kwa sheria zake haimtaki aliye chini ya miaka 13, na wako ana 11. Basi iondoke kwenye simu hiyo mpaka umri ufike, umweleze kwamba ni kosa lako kumwachia mapema na si adhabu ya ndoo. Hayo mawili yakichanganyika atakumbuka kwamba alinyang'anywa simu kwa sababu ya nyanya yake, na hilo ni baya kuliko video.

King'amuzi msikikate. Mtakayemwadhibu ni mamako. Tamthilia zile ni furaha yake, na saa hizo mbili ndizo pekee ambazo nyumba yako yote hukaa chumba kimoja. Tatizo si kwamba mnatazama, mnatazama kimya. Sisi tulipotazama runinga ya jirani miaka ile, nusu ya sauti ilikuwa yetu. Wazee walimtukana jambazi, wakampa shauri bi harusi, wakabisha. Mwachie mama kiti cha katikati na umwulize, "Mama, huyu amekusudia nini?" Muulize kwa lugha yake, naye atajibu kwa lugha yake bila ya kuombwa. Mtoto asikie Kituruki kilichogeuzwa Kiswahili cha Dar kikigeuzwa tena kuwa cha Kibokoni, pale pale, kwa hasira au kwa kicheko cha mtu mzima anayejua anachokisema. Maneno kumi yakiwa ya tamthilia, matano yawe yenu.

Kuna watu watakaokushauri umpe mtoto kazi ya kumrekodi nyanya yake: hadithi, mapishi, misamiati. Huenda siku moja. Sasa hivi sikushauri. Mamako ameumizwa na kamera, usimwekee nyingine usoni na kumwambia hii ni ya mapenzi. Wala usimwambie, "Mama, sema kama zamani." Mtu aliyefungwa ulimi kwa kuchekwa haufungui kwa kuamriwa. Sema naye wewe. Jikoni, asubuhi, mambo ya kawaida: mtele umekwisha, funga mlango wa nde, mtoto ana ndaa. Utaona aibu siku mbili za mwanzo. Watoto watakutazama. Waache watazame.

Na Jumamosi mchukue mkubwa wako na nyanya yake mwende Kibokoni, si kwa hitima wala arusi, ila kukaa tu kwa jamaa mpaka Magharibi. Muombe mtoto jambo moja: ahesabu ni watu wangapi watakaosema ndoo kumwita mtu. Yeye ni mtoto wa hesabu, tumeshaona. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa sawa kwa tarakimu alizopewa. Mpe nyingine.

Radhi yake kwa nyanya yake itakuja baada ya hapo, na usimpangie maneno. Mkirudi, mama akiwa amepumzika, mwambie mtoto aketi mbele yake, karibu, magoti yagusane, amwombe aseme yote mawili: ile ya maji na ile ya kuita. Asisikilize kwanza. Atazame ulimi wa nyanya yake unakwenda wapi, kisha ajaribu na wake.

Niandikie uniambie ilimchukua mara ngapi.

Shangazi